Bibi Shamba na Nyigu Wasiouma

Bibi Shamba alikuwa anaogopa nyigu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kijiji chetu cha Titye wanaomkumbuka, humkumbuka kwa nyigu, na wengi hawaamini nikiwaambia kwamba wale nyigu wa kawaida, wekundu, wanaojenga chini ya mabati ya choo, walikuwa wakimtoa mbio. Siku moja nilisikia kelele uani kwake nikadhani ni nyoka. Nikapenya kwenye ua wa minyaa uliotutenganisha, nikamkuta amesimama katikati ya kiwanja, ndala moja mguuni na nyingine mkononi.

"Mama Neema, mtoe yule," akasema, akinionyesha mlango wa choo.

"Nani?"

"Yule pale juu. Ananiangalia."

Nikamtoa kwa ufagio. Alipoona ameruka kwenda zake, Bibi Shamba akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. "Usiwaambie wenzako wa kikundi cha akina mama," akasema. Kwa miaka yote ile sikuwaambia. Leo nasema kwa sababu najua akisikia atacheka tena.

Nyigu wake yeye walikuwa wa aina nyingine. Weusi, wadogo kuliko sisimizi, na hawana habari na mtu. Jike humtafuta kiwavi mchanga, humchoma, humwachia mayai ndani ya mwili. Mayai yakishaanguliwa, funza wa nyigu humla kiwavi kutoka ndani, kisha hutoka nje na kujifungia kwenye vifuko vyeupe juu ya jani. Kiwavi anakufa. Kwenye vile vifuko wanaruka nyigu wengine, nao wanakwenda kutafuta viwavi wengine. Habari yenyewe ni hiyo tu, lakini aliisimulia kisimani, msibani, kwenye mkutano wa wazazi wa shule, hata kwa madereva wa bodaboda waliokuwa wakimngojea apande. "Kila mdudu ana mdudu wake," alikuwa akisema. "Kazi yako wewe ni kuacha kumuua anayekusaidia."

Alikuwa mtumishi wa serikali, ofisa ugani wa kata, kwao Lushoto. Aliletwa kwetu akiwa mtu mzima tayari, Mwislamu katikati ya Waanglikana na Wakatoliki, Msambaa katikati ya Waha. Hakuwa wa kwanza kuletwa. Waliotangulia walikuwa wakihesabu siku zao, wanakaa Kasulu mjini na kututembelea wakati wa ugeni wa wakubwa. Yeye alipanga nyumba ya marehemu baba mkwe wangu, akaleta sanduku, jiko la mkaa na kiti kimoja cha kukunja, akaanza kujifunza Kiha.

Kiha chake kilikuwa burudani. Alijua "mwakeye," salamu ya asubuhi, na aliisema asubuhi, mchana na jioni, kwa kila mtu, mpaka kwa mbuzi. Akikosea, wanawake walikuwa wanashikana mabega kwa kicheko, naye anangoja wamalize, halafu anauliza: "Haya, nimesema nini?" Wakimwambia, anacheka kuliko wao. Mwisho wakaona wamrudishie deni lake la heshima, wakamwomba awafundishe salamu ya kwao. Basi ukipita barabara ya Titye mchana unakuta bibi wa Kiha, hajawahi kuvuka hata mto Malagarasi, anamwinamia Bibi Shamba na kusema, "Onga mshi!" kwa lafudhi yetu ile ya kuvuta.

Na wazee wa kiume, ambao hawasikilizi mwanamke kirahisi, aliwafuata walikokuwa. Alikuwa akienda kwenye pombe ya ndizi na chupa yake ya chai. Wao wanakunywa urwagwa kwa mirija, yeye anakunywa chai, mazungumzo yanaanza kwenye mvua na kuishia kwenye viwavi. Shehe wa msikiti wa sokoni alimwita akamuuliza inakuwaje. Akamjibu, "Shehe, wakulima wangu wako pale. Wakihamia msikitini, nami nitahamia." Sijui shehe alisema nini. Najua Bibi Shamba aliendelea kwenda.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na hasira za ghafla. Jirani yetu mmoja alipiga dawa saa sita mchana, maharage yakiwa kwenye maua, nyuki wamejaa, Bibi Shamba akamfokea shambani mbele ya wakwe zake. Baadaye alikwenda kuomba radhi kwa kumfokea, na papo hapo akamfokea tena kwa kupiga dawa. Mapishi yalimshinda, maharage yake yalikuwa yanaungua mara kwa mara, na harufu ile ndiyo ilikuwa saa yetu ya kujua amerudi kazini. Na bustani yake ilikuwa aibu. Mtu anayefundisha kata nzima kulima, kwake vitunguu vinaliwa na mbuzi, mchicha umekauka. Mume wangu, Baba Neema, ambaye ni fundi baiskeli na hana adabu sana na utani, alimuuliza kama anafuga mbuzi wa watu. "Baba Neema," akamjibu, "hata fundi cherehani huvaa kaptula iliyochanika."

Lakini kilichomfanya ajulikane ni ule mwaka wa viwavijeshi.

Kikundi chetu cha akina mama tulikuwa na ng'ombe wa maziwa, wachache, tunaowafuga ndani, na tulikuwa na shamba la malisho mteremkoni chini ya shule. Majani ya tembo juu, nyasi za kulisha ndama chini. Maziwa yale yalikuwa ndiyo kikombe cha asubuhi cha watoto wetu, na yanayobaki ndiyo sabuni na daftari. Asubuhi moja tulikwenda kukata majani tukakuta yamebaki mashina na uti wa katikati. Ukisimama kimya unasikia viwavi wakitafuna, sauti kama ya manyunyu ya mvua kwenye majani makavu. Ng'ombe walikuwa wameanza kulia.

Mwenyekiti wetu alikuwa mama shupavu, asiyependa maneno mengi. Kesho yake alikuja na bomba la dawa mgongoni. Bibi Shamba akasimama mbele yake.

"Bibi Shamba, ng'ombe wanalia."

"Nawasikia."

"Basi nipishe."

"Nitakupisha. Kwanza niambie hiki ni nini." Akachuma jani lililoliwa nusu. Nyuma ya jani palikuwa na vifuko vyeupe vimeshikana, kama punje za mchele mtu amezikata vipande vipande akazibandika kwa pamba.

"Mayai ya viwavi," Mwenyekiti akasema. "Tangu jana tunayaponda."

Na kweli, sote tulikuwa tumeyaponda. Vidole vyetu vilikuwa bado vinanata.

Bibi Shamba hakutufokea siku ile. Alikaa chini palepale kwenye umande, akatuita tukae, akatueleza kwamba kiwavi hatagi. Anayetaga ni nondo, na mayai yake hayafanani na yale. Vile vifuko vilikuwa vya nyigu. Alisema watafiti walikuwa wamepita wilayani na vichupa vya nyigu wa namna hiyo, wakawaachia maofisa ugani wawafungulie mashambani, wakaondoka. Yeye aliwafungulia wa kwake kwenye shamba letu miezi kadhaa nyuma, hakutuambia kwa kuwa hakuwa na hakika kama wataishi. Au pengine walikuwa wa hapahapa, wamekuwepo siku zote. Hilo hakujua, na alisema hajui. "Ila wapo," akasema, akiinua lile jani. "Angalieni. Wapo!"

Sijawahi kuona mtu mzima akifurahi hivyo kwa sababu ya mdudu.

Mabishano yalikuwa marefu. Mwisho tukakubaliana: majani ya juu yapigwe dawa, yakichipua na dawa ikiisha ng'ombe wapate kula, nyasi za chini zisiguswe. Kila asubuhi Bibi Shamba alikuja na ndoo, tukaokota viwavi waliolegea na majani yenye vifuko, tukayatia humo. Baba Neema alimtengenezea kifuniko kwa ringi ya baiskeli ya mtoto na kipande cha chandarua chenye matundu madogo. Nyigu wakitoka wanapenya kwenye matundu na kurudi shambani. Viwavi wazima wakigeuka nondo, wanabaki ndani na kufia humo. Jambo rahisi hivyo. Tulilisha ng'ombe migomba na majani ya viazi, maziwa yakapungua, watoto wakanywa chai ya rangi. Nyasi za chini zilichipua tena, polepole. Msimu uliofuata viwavi walikuja, lakini wachache, na uliofuata tena ukiokota kiwavi unakuta wengi wao wamelegea tayari. Si muujiza. Viwavi hawakuisha, hawataisha. Ila bomba la Mwenyekiti lilikaa stoo mpaka kuku wakaanza kutagia kando yake.

Sasa niseme la upande wa pili, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha.

Mwaka uleule wa kwanza, mjane mmoja wa kitongoji cha pili, Mama Ezekieli, alimsikiliza Bibi Shamba akaacha kupiga dawa mahindi yake. Alikuwa na watoto wanne na shamba hilo moja. Lakini kule nyigu walikuwa hawajafika, au walikuwa wachache mno, na viwavi waliingia kwenye moyo wa mahindi wakayala yote. Bibi Shamba alipokwenda kuangalia, Mama Ezekieli alikuwa amekaa kwenye tuta.

"Ulisema ningoje," Mama Ezekieli akamwambia.

"Ego. Ndiyo, nilisema."

"Nimengoja."

Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimemsindikiza. Nilitegemea atajitetea, atasema mvua, atasema alichelewa kupanda. Badala yake, kesho yake alikwenda na jembe na mbegu za maharage. Ilikuwa Ramadhani, amefunga, jua la kwetu la kabla ya mvua unalijua, na yule mama mnene wa Lushoto alikuwa akipiga matuta pamoja na mjane yule kuanzia asubuhi, hawasemezani. Tulikwenda wachache kuwasaidia. Walimaliza shamba lote. Maharage yalikubali, na mavuno ya mahindi ya shamba lake Bibi Shamba mwenyewe, lile dogo alilolima kando ya mto, aliyapeleka kule, hakubakiza hata hindi la kuchoma.

Ungetegemea niseme baada ya hapo Mama Ezekieli aliwapenda nyigu. La. Kuanzia mwaka ule alipiga dawa kila msimu, na hakuna aliyethubutu kumwambia asipige. Bibi Shamba ndiye aliyekuwa akimbebea bomba. Alimfundisha apige jioni, upepo ukitulia, apige kwenye moyo wa mhindi tu, aache maua na kingo za shamba. "Mwache," alituambia tulipomshangaa. "Yeye ameshawalipia hao nyigu." Wakawa marafiki wa namna ya ajabu. Mama Ezekieli alikuwa akimpelekea mihogo ya kuchemsha, anaiweka mezani na kusema, "Kula, mama wa wadudu."

Sifa za ndoo zilifika mpaka Kibondo. Wakulima wa Mabamba, kule mpakani, waliomba aende kuwaonyesha, na aliniomba nimsindikize kwa kuwa mimi najua kusema na watu wa kule. Tukapanda basi Kasulu, yeye amepakata ndoo yake, imejaa majani na vifuko. Njiani kondakta akauliza mna nini humo. Bibi Shamba hakujua kudanganya.

"Nyigu," akasema.

Basi likasimama. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akapiga ukelele, "Yebaba we!" na vijana wawili waliokuwa nyuma wakaanza kutokea dirishani. Kondakta alikuwa kijana wa maneno ya redioni. "Mama mkubwa, unatuzingua," akasema. "Shuka na wadudu wako."

"Mwanangu, njoo uwaone kwanza."

"Siji."

"Kijana mrefu kama wewe!"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimlazimisha. Akaja, akainama juu ya chandarua. Nyigu mmoja alikuwa amepenya, anatembea kwenye ukingo wa ndoo, kidoa cheusi tu. Bibi Shamba akamwekea kidole, akampandisha, akakisogeza kidole karibu na macho ya kondakta.

"Huyu ndiyo nyigu?"

"Ndiye."

"Anauma?"

"Anamuuma kiwavi. Wewe si kiwavi."

Kondakta akapiga mkono kwenye bodi ya basi, twende. Mpaka tunafika Kibondo alikuwa akiwaambia wote wanaopanda: "Angalieni ndoo ya mama, hao ni maaskari wa mahindi." Mabamba walitupokea chini ya paa la soko. Walikuwepo na wanawake waliovuka kutoka Burundi kuuza mafuta ya mawese, nao wakasogea kusikiliza. Mimi nikawa natafsiri Kiswahili chake kwa Kiha, nao wanakisikia sawasawa, lugha zetu ni ndugu. Bibi mmoja wa ng'ambo aliuliza kama nyigu wale wanajua mpaka. Bibi Shamba alifikiri kidogo, kama vile ni swali la mtihani, akajibu, "Hapana, mama. Wakifika kwako ni wako." Yule bibi akafunga jani lenye vifuko kwenye pindo la kitenge chake. Nimejiuliza mara nyingi kama lilifika salama.

Alipostaafu tulidhani atarudi Lushoto kesho yake. Akahamia Kasulu mjini, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, akasema baridi ya kwao sasa haiwezi. Nadhani haikuwa baridi. Nilikuwa nikimtembelea kila nikienda mnadani, halafu mambo yangu yakanisonga, miezi ikapita, na nilipopata habari zake tena niliambiwa macho yamemsumbua na binti yake amekuja kutoka Tanga kumchukua.

Nilikwenda siku moja kabla hajaondoka. Nilimkuta amekaa kibarazani, kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mizigo imefungwa, imeegemezwa ukutani. Binti yake alinikaribisha, akaingia ndani kupika chai.

"Shikamoo, Bibi Shamba."

"Marahaba. Mama Neema!" Alinijua kwa sauti. Macho yake yalikuwa na ukungu, yananitazama kando kidogo ya uso wangu. Madaktari walikuwa wamesema moja linaweza kusafishwa, jingine basi. Alilieleza hilo upesiupesi, kama mtu anayesoma tangazo la watu wengine, halafu akanishika mkono.

"Nipeleke Titye," akasema.

"Leo? Na mizigo hii?"

"Kwa maneno. Anzia njia panda, twende mpaka shuleni. Kila shamba uniambie lilivyo."

Nikamwambia. Njia panda, mkono wa kulia, yule mwenye duka amepanda muhogo, umesimama vizuri, majani mapana. "Mwekundu au mweupe?" Mweupe. Baada yake shamba la kanisa, maharage, yameanza kupanda kwenye fito. Baada yake wale ndugu wawili wanaogombea mpaka. Wamelima kila mmoja upande wake na katikati wameacha magugu. "Magugu yale mazuri," akasema, "nyigu wanapata maua." Nikamwambia kisima kimejengewa. Nikamwambia kwa Mama Ezekieli, mahindi yanachanua, na mwanawe mkubwa ameezeka bati. Akatabasamu, akauliza bati la rangi gani. Nikashuka naye mteremkoni kwenye malisho ya kikundi, nikamwambia ng'ombe wameongezeka, Mwenyekiti ni mwingine, nyasi zimefika kiunoni. Nikamfikisha shuleni, kwenye mlingoti wa bendera.

"Tumefika," nikasema.

Alikuwa amefumba macho. Kidole gumba chake kilikuwa kinapitapita juu ya mkono wangu, juu ya sugu za jembe.

"Umepita kwako," akasema, "hukusimama."

Nikageuzia macho kwenye mizigo.

"Baada ya kisima, kabla ya kwa Mama Ezekieli. Umeruka. Kuna nini?"

Sikuwa nimemwambia mtu wa mjini. Nikamwambia yeye. Kwamba Baba Neema aliondoka kabla ya masika kufuata machimbo ya dhahabu huko Mpanda, kwamba alipiga simu mara chache, halafu simu ikawa haipatikani. Kwamba sijui kama yu hai au ameoa. Kwamba shamba halikulimwa mwaka huu, majani yamefika mlangoni, na mimi nikitoka asubuhi napita bila kuyaangalia. Nilisema yote hayo nikiangalia mizigo yake ukutani. Hakuniambia atarudi. Hakuniambia wanaume ndivyo walivyo. Machozi yaliponitoka alijua, sijui alijuaje, akavuta pindo la kanga yake akanipa bila kugeuka.

Ndani tulisikia vikombe. Binti yake akauliza kwa sauti kama tunataka sukari nyingi.

"Ngoja kwanza," Bibi Shamba akamjibu. "Hatujarudi."

Kisha akakaza kidogo mkono wake kwenye wangu. "Haya, mwanangu. Anza tena njia panda. Safari hii tukifika kwako tuingie ndani."

Nikapenga kamasi, nikaanza. Njia panda, mkono wa kulia, muhogo mweupe.